Jiwe la Athi
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mutua wa Kibwezi na Mwende wa Ikutha wamefika Malindi na wenzao likizo ya Desemba. Usiku nahodha amewaambia kwamba upepo wa kaskazi umeanza, na huko bara mvua imezidi. SASA ENDELEA...

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, wanangu. Nani atatapika leo?"

Sote tulicheka, ila mimi nilicheka nikiwa nimeukumbatia mlingoti. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya Athi ikifurika, na hayo mtu huyatazama kutoka ukingoni. Mwende ni wa ng'ambo ya pili: kwao Kitui, kwetu Makueni, mto katikati. Nahodha alitutania kwamba Wakamba wa enzi za mfanyabiashara Kivui walishuka na pembe za ndovu mpaka pwani, wakayaona maji, wakauza mali, wakarudi zao. "Zaidi ya miaka 150, ndiyo kwanza nyinyi mnaingia!"

Foromali ilipanda ikilia, tanga likajaa, mashua ikalala ubavu. Mwende akanifungulia kiganja. Jiwe jeusi, laini, kama yai la kware.

"La Athi, chini ya daraja. Nalifuatisha maji yake."

Hakukosea. Athi hukutana na Tsavo ukaitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini ya mji wa Malindi. Mvua ikipiga Ukambani, udongo wetu husafiri bure. Susu, yaani nyanya yangu, aliyechimba matuta mpaka viganja vikawa kama gome la mbuyu, husema shamba la jirani asiye na matuta liko Malindi. Nilidhani ni masimango tu.

Zamu yetu ya kuzama ilifika: mimi, Mwende na mwalimu wa uzamiaji. Wengine wakabaki mashuani.

"Usizuie pumzi, kamwe," mwalimu alirudia. "Kabla masikio hayajauma, bana pua, puliza polepole. Usipande kwa kasi kuliko viputo vyako vidogo. Mkipotezana, tafuta dakika moja, kisha panda. Ukiwa na shida, gonga mtungi mara tatu."

Nilikuwa nayajua kwa moyo. Kujua na kuwa chini ni vitu viwili.

Mita 9. Humu ni hifadhi tangu 1968, hapavuliwi, na samaki wanajua: walinipita usoni kama watu wa sokoni wasio na haja na mgeni. Kasa mmoja alikuwa anakula nyasi bahari bila hata kunitupia jicho. Nilisahau woga. Nikasahau pia kumtazama Mwende.

Giza lilianzia juu. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo huelea, na kaskazi ilikuwa imeyasukuma kusini, yakatufunika kama turubai. Kisha vumbi likaanza kushuka. Niliitambua rangi ile. Ndiyo rangi ya miguu yangu kila nikitoka shule.

Nikaunyosha mkono, sikuuona. Mwende hayupo. Mwalimu hayupo.

Moja, mbili, tatu...

Nilipofika ishirini na tano: ko, ko, ko.

Mtungi! Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Chini ya maji sauti hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, masikio hayajui itokako. Iligonga kichwani mwangu mwenyewe. Ko, ko, ko. Jiwe juu ya chuma, si kingine. Mwende! Nikapapasa matumbawe, nikachanika kidole. Hamsini na nane. Hamsini na tisa.

Sitini. Nikapanda nikilia ndani ya miwani, nikijiona msaliti.

Mkono wa nahodha ukanikwapua kwapani. Nikatema mpira wa kupumulia ili nipige kelele, nikamwona Mwende amekaa juu ya kamba, amejifunika kanga, anatetemeka.

"Nilihesabu dakika nikapanda," alisema. "Nilidhani wewe ndiye..."

"Jiwe lako liko wapi?"

Akafungua kiganja. Kitupu.

"Mwalimu alininyang'anya kabla hatujazama. Alilitia mfukoni mwake."

Hakuna aliyesema neno. Kipimo cha hewa cha mtungi wangu kilisoma bar 60. Nahodha alikitazama, kisha akanitazama mimi.

Nikatumbukiza uso majini.

Ko. Ko.

Nikangoja la tatu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO