Kimo cha Tairi

Musonoi, mtaa wa wachimbaji kando ya Kolwezi, si mahali pa kumweleza mtu tairi kubwa ni kitu gani. Lori la mgodini la tani 90 huvaa tairi la 27.00R49, na tairi hilo likisimamishwa hufika karibu mita 2.7. Mtu mrefu akisimama kando yake bado anatazama juu. Shida huanza kwenye magari madogo, pale mwenye Land Cruiser anapofika kwa kwado, ndivyo Wakongo wanavyomwita fundi wa pancha, na kusema anataka pine mukubwa.

Kwado niliyemsikiliza asubuhi moja ya mvua hakugusa hata jeki. Aliuliza: “Papa, mukubwa ya namna gani? Ya kupanda juu ao ya kunenepa?”

Mteja alinuna, akaona anacheleweshwa. Mimi niliona kwado amefanya kazi ambayo kamusi zetu hazijaimaliza. Neno “kubwa” linaficha mambo matatu: tairi linaweza kuwa pana, linaweza kuwa refu likisimama, au linaweza kuwa la rimu kubwa. Yote hayo ni ukubwa, na kila mmoja unalifanyia gari jambo tofauti.

Tusome ubavuni mwa tairi. Tuseme pameandikwa 265/70R16. Namba 265 ni upana, kwa milimita. Namba 16 ni kipenyo cha rimu, ile ambayo Kolwezi wanaiita janti, kwa inchi. Herufi R ni radiali, muundo wa nyuzi zinazokatiza tairi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Michelin waliusajili mwaka 1946. Hayo yote yana majina. Yatima ni ile 70 ya katikati. Si milimita wala si inchi, ni asilimia: ubavu wa tairi, kuanzia kwenye rimu hadi kwenye kashata, yaani uso unaokanyaga barabara, unasimama kwa asilimia 70 ya ule upana wa 265. Ni kama fundi cherehani akupime kifua kwa sentimita, mkono kwa kuulinganisha na kifua, na kiuno kwa shubiri, kisha aandike yote kwenye mstari mmoja.

Wafaransa huiita namba hiyo profil, na Waingereza wana neno la shina hilohilo. Mfasiri mwenye haraka akilitafuta neno hilo kwenye kamusi atapewa “wasifu”. Ndipo tunapopata tairi lenye wasifu wa chini. Wasifu ni habari za maisha ya mtu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha wajane wangapi. Tairi halina hayo, hata lile lililotoka Dubai likiwa mtumba. “Umbo” nalo halisaidii, kwa kuwa matairi yote ni duara. “Urefu” unakaribia, lakini msikilizaji hatajua kama unasema urefu wa ubavu au wa tairi zima lililosimama.

Napendekeza “kimo”. Kimo hupimwa kitu kikiwa kimesimama, kutoka chini hadi juu, kama mtoto anavyopimwa kliniki. Ubavu wa tairi nao umesimama, kati ya rimu na barabara. Kwenye maandishi tuseme “uwiano wa kimo”, kwa sababu namba inalinganisha kimo na upana. Gereji watafupisha waseme “kimo 70”, “kimo 85”, na hawatakosea. Neno linakubali kunyumbulishwa bila kulalamika: tairi la kimo kirefu, tairi la kimo kifupi. Na “ubavu” hatuhitaji kuuazima popote, kwa kuwa Mfaransa naye anapoutaja anatumia flanc, ubavu wa mwili.

Niseme kidogo kuhusu pine yenyewe. Madereva wa Tanzania wanaofuata shaba Kolwezi na kuipeleka bandarini Dar es Salaam husema tairi. Wenyeji wanasema pine, kutoka pneu ya Kifaransa, ambayo ni ufupisho wa neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake pumzi au upepo. Nasi, bila kumuuliza Mgiriki, tunasema tairi limeishiwa upepo. Wazee wengine wanasema mpira, lakini neno hilo limebebeshwa mengi mno: ndilo utomvu, ndilo bomba la kumwagilia, ndilo soka. Mimi sina ugomvi na pine wala tairi. Kolwezi ibaki na pine yake; kimo kitakaa vizuri kwenye yote mawili.

Sasa faida ya kuwa na neno. Chukua lile tairi la 265/70R16. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya 265, yaani milimita 185.5. Zidisha mara mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake: 371. Ongeza rimu, inchi 16 ambazo ni milimita 406.4. Tairi zima lina kipenyo cha nje cha milimita 777.4. Fanya hivyohivyo kwa 235/85R16, tairi linalopendwa sana kwenye Land Cruiser za kazi: unapata 805.9. Tazama basi. Lenye namba ndogo mwanzoni ndilo refu zaidi, kwa milimita 28.5, na gari litainuka kwa nusu ya hizo, kama milimita 14, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Mteja anayesoma namba ya kwanza peke yake atatoka dukani akidhani ameuziwa dogo.

Na 265/75R16? Milimita 803.9. Inapishana na 235/85R16 kwa milimita 2 tu, ilhali moja ni nene na nyingine ni nyembamba. Lile swali la kwado lilikuwa hapo hasa.

Kwa njia za mkoa wa Lualaba, mimi niko upande wa tairi la kupanda juu. Barabara ya udongo mwekundu kuelekea Kasaji na Dilolo, mvua ikinyesha, hupakwa tope laini juu ilhali chini bado ni ngumu. Tairi jembamba la kimo kirefu linalikata tope na kuifuata ile ngumu. Pana linaelea juu na kuteleza. Kwenye mchanga mkavu au tope lisilo na mwisho hesabu hugeuka, na hapo upana ndio unaosaidia. Kimo kirefu pia kinaacha ubavu ujikunje upepo ukipunguzwa, tairi likalala na kushika ardhi kwa urefu zaidi. Ila ubavu huohuo ndio sehemu dhaifu mbele ya mawe makali ya mgodini. Kashata hustahimili jiwe. Ubavu ukichanika, kwado hana dawa ya kuaminika.

Wapo wasioridhika, wanaotaka 285/75R16. Kipenyo chake ni milimita 833.9, karibu asilimia 7.3 zaidi ya lile la 265/70R16. Kipimamwendo cha gari hakijui hilo. Chenyewe huhesabu mizunguko, hakioni ardhi. Sindano ikisema 60, gari linakwenda zaidi ya 64, na kwenye geti la mgodi lenye kikomo cha mwendo utakuwa umevunja sheria huku dashibodi inakutetea. Kilomita 5,000 za kubadilisha oili zitakuwa kilomita 5,363 za kweli. Nguvu ya injini inayofika ardhini inapungua kwa karibu asilimia 7, na breki nazo zinapambana na gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Dereva anasema gari limekuwa zito. Halijawa zito; amelibadilishia gia bila kufungua gia boksi.

Rimu nazo zina la kusema. Tairi la 285/75R16 linataka rimu ya upana wa inchi 7.5 hadi 9. Lile la 235/85R16 linaanzia inchi 6. Rimu za chuma za Land Cruiser nyingi za kazi zina inchi 5.5, kwa hiyo hata hilo jembamba halina ruhusa ya kukaa humo. Wengi wanalivalisha hivyohivyo, siwaungi mkono. Ukinunua rimu pana unakutana na neno jingine, déport, yaani umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na bapa linalobana kwenye kitovu cha gurudumu. Hilo linastahili makala yake.

Zile rimu nyembamba za inchi 5.5 zilitengenezewa 7.50R16, na hapo istilahi inatutega. Namba hiyo ya kizamani haina kimo kabisa: ina upana kwa inchi, kisha rimu. Kimo kimenyamaziwa, kwa sababu enzi hizo kilichukuliwa kuwa karibu sawa na upana. Ndiyo maana tairi hilo linaloonekana kama la baiskeli lina kipenyo cha nje kinachokaribia kile cha 235/85R16. Neno linapokosekana kwenye namba, mwalimu wa chuo cha ufundi inampasa aliseme kwa mdomo.

Kwado wa Musonoi alimaliza kazi kwa utaratibu ninaoupenda. Alifunga gurudumu moja la mbele, akalipandisha juu ya jiwe ili springi zibanwe, akazungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, akipitisha kiganja kati ya tairi na madigadi, kisha kati ya tairi na chesisi. Palipogusa, alionyesha kwa kidole bila hotuba. Alisoma namba ya mzigo: 120, yaani kilo 1,400 kwa tairi moja. Mwisho alikataa kuuza manne. Land Cruiser ya kazi ikiunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma haivumilii vipenyo viwili tofauti. Tairi la akiba la zamani likifungwa njiani, gia zinavutana hadi kitu kivunjike. Mteja alilipia matano, akiwa bado amenuna.

Msomaji wa Kolwezi, Likasi au Tunduma mwenye neno la gereji linalokishinda kimo, atuandikie, tutalipima. Ila asituletee wasifu.