Myombekere Kati ya Ndugu na Mke

Hapa Mwanza nawajua watu kadhaa ambao uchumba wao umekwamia kwa rafiki. Rafiki hana kazi, hana pa kulala, yupo sebuleni mwaka wa tatu. Ukimtoa, wewe msaliti. Ukimbakisha, mchumba anachoka na kuondoka.

Mvutano huu ni wa zamani. Vuka maji hadi Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza. Riwaya yake aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na Kiswahili chake kikatoka 1980. Humo Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanamchukua. Mila ingemruhusu Myombekere kuoa mwingine. Yeye anawafuata wakwe, anakubali faini ya pombe ya ndizi, anarudi na mkewe.

Kwa ninavyomsoma, hakuwatupa ndugu zake. Aliwanyima tu kauli juu ya nyumba yake. Kitereza naye alizika watoto wake wote, akabaki na mkewe.

Basi rafiki msaidie, hata kodi mlipie. Ila mchumba asije kuomba nafasi kwake.