Cheo cha Pakiti

Mtu anapofungua mipangilio ya ruta na kuipa kompyuta yake kipaumbele, anatumia wazo lenye asili ya kijeshi, ila amelipindua. Kanuni za intaneti za 1981, zilizoandaliwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, zilitenga biti 3 katika kila pakiti ya data, yaani ngazi 8 za uharaka, kwa kufuata desturi ya jeshi ya kupanga ujumbe. Kilichopewa cheo ni ujumbe, si mashine. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11e cha mwaka 2005 kilishika njia hiyohiyo: sauti, video, mambo ya kawaida, na yale yasiyo na haraka kabisa. Kwa kuwa vifaa viwili vikirusha pamoja kwenye chaneli moja hugongana, pakiti ya sauti ilipewa kungoja kitambo kifupi kuliko nyingine.

Itasemwa kwamba mwenye nyumba ndiye ajuaye kifaa kipi kina kazi ya maana. Kweli, na televisheni inapogombea na kompyuta ya kazi, chaguo hilo husaidia. Lakini kompyuta hiyo hupiga simu ya video huku ikipakua masasisho. Ukiipendelea, umependelea vyote viwili. Tena mara nyingi kinachokwamisha ni foleni ndefu ndani ya ruta au modemu yenyewe. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu inayopima muda ambao pakiti zimekaa foleni na kutupa baadhi yake zinapokawia mno, bila kuuliza zimetoka kwenye simu ya baba au ya mtoto.