Msimu wa Gofu Ng'ambo ya Sirari

Msafiri atokaye Musoma kwenda Nairobi hupita Tarime, akavuka mpaka pale Sirari, akashika njia ya Migori na Kisii, na aghalabu huwa amekwisha kuingia jijini ilhali mwenzake aliyeondoka naye alfajiri ileile kwa basi la Dar es Salaam bado ana safari ndefu mbele yake. Ukaribu huo ndio unaonipa ujasiri wa kuwaandikia wasomaji wa Musoma, Bunda na Butiama tarikhi ya mashindano ambayo hayajapata kuchezwa katika mkoa wetu wa Mara, na ambayo kwa zaidi ya nusu karne yamekuwa yakipita jirani nasi karibu kila mwaka pasipo wengi wetu kujua kuwa yamepita: mashindano ya gofu ya Kenya Open, na msimu mkubwa wa wachezaji wa kulipwa ambao mashindano hayo ni kituo chake kimojawapo.

Sharti kwanza ifahamike namna msimu huo unavyokwenda, maana haufanani na ligi ya kandanda ambayo timu hukutana nyumbani na ugenini. Gofu ya kulipwa huhama nchi hadi nchi, wiki baada ya wiki, wachezaji walewale wakiifuata kama majahazi yalivyoufuata upepo wa kaskazi na wa kusi, na mwisho wa mwaka mapato au pointi za kila mmoja hujumlishwa ili ajulikane aliye juu ya wenzake na ajulikane pia aliyepoteza haki ya kucheza mwaka unaofuata. Kila shindano huchukua siku nne, kwa desturi Alhamisi hadi Jumapili, na kila siku mchezaji huzunguka mashimo 18. Baada ya siku mbili hufanywa mchujo, na takriban nusu ya wachezaji hufungasha fimbo zao na kwenda zao bila ya kupata chochote, ingawa nauli, malazi na ujira wa kedi, yaani mbeba mfuko wa fimbo, vimekwisha kutoka mifukoni mwao. Nalitilia mkazo jambo hili tangu mwanzo kwa sababu ndilo linaloeleza yote yatakayofuata: mcheza gofu wa kulipwa hafanywi na wiki moja njema, bali hufanywa na msimu mzima, wenye wiki ishirini au thelathini za kushinda na kushindwa, na asiye na msimu hana pa kujifunzia kazi yake.

Mchezo wenyewe uliingia Afrika Mashariki kwa mkono wa Waingereza, ukaifuata reli na meli za ziwani. Entebbe ilikuwa na uwanja mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Nairobi ikapata klabu yake mwaka 1906, klabu ya Muthaiga ikafuata mwaka 1913, na Kisumu, bandari iliyokuwa ikipokea meli zilizopita Musoma na Mwanza, nayo ikawa na uwanja wake. Katika nyanja hizo zote Mwafrika aliingia kwa mlango wa hamali. Alibeba mfuko wa fimbo, akautafuta mpira majanini, akajua kila tuta na kila mteremko kuliko bwana aliyemtumikia, na jioni akarudi kwake akiwa na senti chache na elimu kubwa ya mchezo asiokuwa na ruhusa ya kuucheza.

Mwaka 1967, Kenya ikiwa huru kwa muda wa miaka michache tu, yalianzishwa mashindano ya Kenya Open, na mshindi wa kwanza akawa Mwingereza Guy Wolstenholme. Msomaji wa Butiama hahitaji kukumbushwa jambo gani lingine lilitokea mwaka huohuo. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi wa Februari, likawakataza viongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Na mwezi wa Juni, mjini Kampala, Mwalimu Nyerere, Kenyatta na Obote wakatia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi mbili jirani zikashika njia mbili. Kwetu gofu haikupigwa marufuku, lakini mchezo wenye sura ya mabwana wa jana haungeweza kupewa mahali pa heshima katika taifa lililojitangazia usawa, na Mwalimu mwenyewe alipotaka kujipumzisha alicheza bao. Mimi siulaumu uamuzi ule. Nasema tu kwamba ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na vijana waliokuwa wakibeba mifuko Dar es Salaam, Moshi, Arusha na Morogoro, ambao hawakupata shindano la kuwatoa katika uhamali.

Kenya kwa upande wake iliingia katika mzunguko uliokuja kujulikana kwa jina la Safari. Sababu ya kuzaliwa kwake ilikuwa hali ya hewa: wachezaji wa Ulaya, ambao tangu mwaka 1972 walikuwa na msimu wao rasmi, hawakuwa na kazi wakati wa baridi, kwani nyanja za kwao zililowa na kuganda, basi katika miezi ya mwanzo wa mwaka walishuka Afrika na kucheza Nigeria, Kenya, Zambia na Ivory Coast, wakitafuta riziki na kunoa mikono kabla ya majira ya kuchipua. Huko Lagos hawakukuta majani kuzunguka shimo, bali mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa, na juu ya mchanga huo Sandy Lyle wa Uskoti, kijana mgeni kabisa katika kazi hiyo, alizunguka kwa mikwaju 61 katika siku ya kwanza ya Nigerian Open ya mwaka 1978, akashinda. Zambia ilikuwa na Rais Kenneth Kaunda, mpenzi wa gofu aliyekuwa na uwanja wa mashimo tisa katika Ikulu yake. Nairobi ilikuwa na Muthaiga, na ilikuwa na Maurice Bembridge, Mwingereza aliyeshinda mara mbili mfululizo, mwaka 1968 na 1969, kisha akarudi kushinda tena mwaka 1979. Na baina ya ushindi huo, mwaka 1974, aliuzunguka uwanja wa Augusta kwa mikwaju 64 siku ya mwisho ya mashindano ya Masters.

Nafika sasa katika mwaka ambao kwa watu wa Mara una uchungu wake. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Sirari ikanyamaza, ndugu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi zisizoamkiana, na hali hiyo ikadumu hadi mwezi wa Novemba mwaka 1983. Ni katika kipindi hicho hasa ndipo Kenya Open ilipotembelewa na mtu mkubwa kuliko wote waliopata kuishinda. Mwaka 1978 Severiano Ballesteros wa Hispania, akiwa bado hajatimiza umri wa miaka 21, alitwaa kombe mjini Nairobi. Mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, na mwaka 1980 akashinda Masters ya Marekani. Baada ya Ballesteros walishinda Brian Barnes mwaka 1981, Eamonn Darcy mwaka 1982 na Ken Brown mwaka 1983, wote kabla mpaka haujafunguliwa, na kijana wa Tarime ambaye angependa kwenda kuwatazama alikuwa mbali na Muthaiga kuliko Mwingereza wa London.

Namtaja Ballesteros kwa kirefu kwa sababu nyingine, ambayo kwangu ina uzito kuliko vikombe vyake. Alizaliwa Pedreña, kijiji cha pwani, katika nyumba ya watu wa kawaida kando ya uwanja wa gofu. Kaka zake walikuwa makedi, naye pia akawa kedi, na mchezo alijifundisha ufukweni kwa fimbo moja kuukuu. José María Cañizares, Mhispania mwenziwe aliyeshinda Nairobi mwaka 1984, alitokea katika uhamali huohuo, huko Madrid. Hawakuwa na damu iliyo bora kuliko ya makedi wa Kisumu au Moshi. Walichokuwa nacho ni mashindano ya nyumbani ya kuanzia, kisha mlango wa Ulaya uliokuwa wazi mbele yao na ambao nauli yake iliwezekana kupatikana. Kedi wa Afrika Mashariki aliuona msimu huo kwa wiki moja tu katika mwaka. Wiki hiyo aliubeba begani, na wiki iliyofuata ulikuwa umekwisha kupanda ndege.

Ian Woosnam wa Wales alishinda mwaka 1986, miaka mitano kabla hajavaa koti la kijani la mshindi wa Masters. Mwaka 1991 Kenya Open ikatiwa katika Challenge Tour, daraja la pili la gofu ya Ulaya, na kwa takriban miaka 28 ikawa chuo cha vijana wanaopanda: Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000 na kutwaa Masters mwaka 2008, Edoardo Molinari wa Italia alishinda mwaka 2007, na mwaka 2017 alishinda Aaron Rai, Mwingereza avaaye glavu katika mikono yote miwili, ambaye mamake alikulia Kenya kabla ya kuhamia Uingereza. Katika orodha hiyo yote hamna jina la mzalendo wa Afrika Mashariki. Aliyekaribia ni Jacob Okello wa Kenya, aliyemaliza wa pili mwaka 1998 nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Yupo pia Dismas Indiza, kedi wa zamani wa Mumias, nchi ya miwa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mchezaji wa kulipwa anayeheshimiwa kuliko wengi katika eneo letu, na ambaye amepambana na wageni hao akiwa hana nyuma yake msimu uliojaa kama wao.

Mwaka 2019 Kenya Open ilipandishwa daraja ikaingia katika msimu mkuu wa Ulaya. Msimu ule, ambao mashindano yake yalizidi 40, ulifunguliwa Hong Kong katika mwezi wa Novemba mwaka 2018 na kufungwa Dubai mwaka mmoja baadaye, ambako Jon Rahm wa Hispania alitawazwa kuwa wa kwanza. Katikati yake, mwezi wa Machi, dunia ya gofu ilikuja Karen, kitongoji cha Nairobi, kugombea jumla ya euro 1,100,000. Mtaliana Guido Migliozzi, ambaye hakuwa amepata kushinda katika daraja hilo, alimaliza mikwaju 16 chini ya kiwango cha uwanja, na watu watatu, Adri Arnaus, Louis de Jager na Justin Harding, wakabaki nyuma yake kwa mkwaju mmoja tu; miezi mitatu haikupita sawasawa kabla hajashinda tena, mara hii Ubelgiji. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizuia mashindano, na mwaka 2021 Harding akarudi Karen na kushinda kile alichokikosa, bila ya watazamaji. Kisha mashindano yakahamia Muthaiga: Ashun Wu wa China mwaka 2022, Jorge Campillo wa Hispania mwaka 2023, Darius van Driel wa Uholanzi mwaka 2024, na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini mwaka 2025. Msimu wenyewe ulikwisha kubadili jina na kuitwa DP World Tour, kwa jina la kampuni ileile ya Dubai ambayo Watanzania waliizungumzia sana mwaka 2023 ilipokabidhiwa shughuli katika bandari ya Dar es Salaam.

Kenya imeelewa, ijapokuwa kwa kuchelewa, kwamba kupokea wageni si kufundisha wenyeji. Tangu mwaka 2018 imekuwa na mzunguko wake mdogo, nao pia ukaitwa Safari, ambamo wachezaji wa kulipwa wa Kenya na jirani zao hukutana mara kwa mara na kutafuta nafasi za kuingia Kenya Open. Kwetu Tanzania jambo linalonipa furaha ya kweli ni Lina PG Tour, iliyoanza mwaka 2024 kwa kumbukumbu ya marehemu Lina Nkya, aliyeitumikia gofu ya wanawake nchini. Wachezaji wetu wa kulipwa, akina Nuru Mollel na Fadhil Nkya, wakapata vituo vya kufuatana, Moshi, Morogoro na kwingineko, badala ya kungoja shindano moja kwa mwaka. Fedha zake ni haba zikilinganishwa na za Muthaiga. Hata hivyo huo ni msimu, una hesabu ya mwisho wa mwaka na una aibu ya kushindwa inayomrudisha mtu mazoezini, na hayo hatukuwa nayo katika miaka yote ile ambayo Bembridge na Ballesteros walikuwa wakicheza ng'ambo ya Sirari.

Naandika haya leo kwa sababu gofu imekwisha kuingia Mara. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limeshika ujenzi wa uwanja wa mashimo 18 katika eneo la Fort Ikoma, wilayani Serengeti, karibu na ngome ya kale ya Wajerumani, kwa nia ya kuwavuta watalii. Wako wanaohofia wanyama na nyika yao, na hofu yao inastahili kusikilizwa kwa staha na kujibiwa kwa vitendo. Lakini maadamu uwanja unajengwa, mtu wa Mara ana haki ya kuuliza nani atacheza humo. Barabara itokayo Makutano, ikapita Butiama, Sanzate na Natta hadi Mugumu, itawapitisha watalii; ingewapitisha pia watoto wa shule. Katika vilabu vingi vya Kenya Jumatatu ni siku ya makedi, wenye uanachama wakipumzika na wabeba mifuko wakicheza. Naiomba TANAPA iweke siku hiyo tangu mwaka wa kwanza, na iwe ya vijana wa Robanda, Natta, Bunda na Musoma kama ilivyo ya makedi; iwatafutie fimbo na mwalimu; na shindano la kwanza la fedha litakalochezwa Fort Ikoma liwe kituo cha wachezaji wa kulipwa wa Tanzania pamoja na jirani zao wa Kisii na Kisumu, kabla haijaandikwa barua yoyote ya kuwaalika wakubwa wa Ulaya.