Baraza la Medici
Rafiki yangu mfasiri alikwama: lile benchi refu la mawe chini ya ukuta wa Palazzo Medici, kule Florence, aliiteje? Baraza, nikamwambia, si ndilo hasa! Cosimo de' Medici alianza kulijenga jumba hilo mwaka 1444, fundi wake akiwa Michelozzo. Mawe ya chini yana manundu kama ya ngome. Kadiri unavyopanda yanalainika. Pembeni imetundikwa ngao ya ukoo, na mipira yake. Mwenye shida na tajiri huyo alikaa hapo nje, kwenye benchi, akingoja, mgongo ukiegemea utajiri usio wake. Lakini barazani Lamu, mwenye nyumba hutoka akakaa nawe, kahawa ikaletwa.