Khamis au Hamisi? Matamshi, Hati na Historia ya Majina ya Waswahili

Kwa desturi ya Waswahili, mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya Alhamisi huweza kupewa jina la siku hiyo. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, na leo huandikwa kwa namna mbili: Khamis na Hamisi. Wapo wanaoshikilia kwamba umbo la kwanza ndilo sahihi na kwamba la pili ni la kwanza lililoharibika. Historia ya lugha haiungi mkono rai hiyo. Hamisi ni zao la kanuni za Kiswahili chenyewe, na mgogoro baina ya maumbo hayo mawili haukuzuka katika ndimi za wasemaji, bali katika badiliko la hati.

Tuanze na kanuni. Kiswahili hupendelea silabi zinazoishia kwa irabu, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiarabu, mkazo wa Khamis uko kwenye silabi ya mwisho. Mswahili anapoongeza irabu /i/, silabi inafunguka na mkazo unabaki palepale ulipokuwa: Ha-MI-si. Ndivyo ilivyo kwa Ramadhani, Selemani na Athumani. Wala irabu hiyo haichaguliwi kiholela. Baada ya konsonanti za midomo huja /u/, kama katika Salimu, Ibrahimu na Rajabu. Baada ya nyingine nyingi huja /i/.

Jina la Fatima lina mafunzo zaidi. Katika Kiarabu mkazo wake uko kwenye silabi ya kwanza, mahali ambapo Kiswahili hakiwezi kuuweka katika neno la silabi tatu. Waswahili wana maumbo mawili yanayolikabili tatizo hilo. Fatuma linahifadhi idadi ya silabi na kuuhamisha mkazo. Irabu yake ya kati imefanana na /m/ inayoifuata kwa kutamkwa kwa midomo. Fatma linaidondosha irabu hiyo, na mkazo unabaki mwanzoni. Hakuna kati ya maumbo haya lililotokana na uzembe. Kila moja limelipa gharama yake.

Majina yaliposafiri na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi Maniema, yalikutana na wasemaji wa lugha ambazo nyingi hazikuwa na sauti /dh/ na /th/. Ndiyo maana mashariki ya Kongo Ramadhani huitwa Ramazani, Athumani huitwa Asumani, na Hamisi huandikwa Amisi. Umbo hili la mwisho lina pia alama ya tahajia ya Kifaransa, lugha ambayo haitamki herufi /h/.

Kwa karne kadhaa tofauti hizi hazikumsumbua mwandishi. Katika hati za Kiarabu jina liliweza kuandikwa kwa herufi zake za asili, na kila msomaji akalitamka kwa ulimi wa kwao. Umbo moja la maandishi lilibeba matamshi mengi. Hati za Kirumi ziliuvunja mpango huo, kwa kuwa zilimlazimisha mwandishi kuchagua sauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja ya vitabu. Maneno ya kawaida yakafuata mkondo huo, hata habari na hatari zikazishinda khabari na khatari. Majina ya watu hayakusanifishwa. Shaaban Robert (1909–1962), aliyekisanifu Kiswahili kwa kalamu yake kuliko wengi, alibaki na jina lenye irabu mbili zinazoashiria ‘ayn ya Kiarabu na lisilo na irabu ya mwisho, ilhali wenzake wengi waliitwa Shabani.

Hapo ndipo matamshi mawili yalipogeuka kuwa majina mawili. Binti aliyeandikwa Fatma katika cheti cha kuzaliwa na Fatuma katika cheti cha shule huweza kutakiwa kula kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja. Bibi yake, aliyeitwa kwa namna zote mbili maisha yake yote, hakuwahi kuulizwa swali hilo.

Kwa hiyo mzazi anayechagua baina ya Khamis na Hamisi hachagui baina ya usahihi na kosa. Anachagua kipi kionekane kwanza: asili ya jina, au safari yake. Wajibu wa wanaisimu ni kuzieleza ofisi na shule kwamba maumbo hayo ni ndugu wa tumbo moja, ili mtoto asije akaadhibiwa kwa sababu lugha yake ina historia.