Babu zetu walifunga ziwa?

Ndugu wavuvi, ziwa lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, hapa Katonga niliulizwa sana: mbona babu zetu hawakufunga?

Walipumzika kwa kufuata mwezi. Dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa haiwakusanyi. Zamani waliwasha moto wa kuni mtumbwini na kuchota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Miaka ya 1950 zikaenea karabai, na wavu wa kuinua kati ya mitumbwi miwili. Leo ni taa za sola, na vyombo ni vingi mno. Siku chache za mbalamwezi hazitoshi tena.

Msidanganywe na kina cha mita 1,470. Hewa ya oksijeni huishia juu, kwenye mita 100 hadi 200 tu. Chini ya hapo dagaa hawaishi. Kiangazi, upepo wa kusi ndio huchanganya maji na kupandisha rutuba inayowalisha.

Najua, miezi mitatu bila kipato ni mirefu (hata mimi maharage yalinichosha). Kabla ya kufungwa tena, anikeni dagaa kwenye chanja, si mchangani, mkawaweke pakavu.